Boksi, resini au mafuta: njia tatu za kukinga elektroniki inayokaa majini

Kifaa cha kwanza nilichotengeneza cha kupima joto la maji kwenye vizimba vya sato kilikaa ziwani siku tatu, kikazimika. Nilikifungua mezani kwangu hapa Mwanza. Skrubu zote nne zilikuwa zimekazwa, mpira ulikuwa mahali pake, na bado chini ya boksi palikuwa na maji kiasi cha kijiko cha chai. Kwenye bodi, pale waya za betri zinapoingia, shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na mguu mmoja ulikatika nilipougusa kwa ncha ya kibano. Boksi lenyewe lilikuwa limeandikwa IP67, chapa ya kuonyesha kwamba linakinga maji.

Tangu siku hiyo swali ninaloulizwa na mafundi wenzangu, wafugaji wa vizimba, wavuvi wa dagaa wanaotaka taa za kuzamisha na vijana wa vyuo ni lile lile: nifunge kwenye boksi, nimiminie resini, au nijaze mafuta? Zote tatu zinafanya kazi, nami nimezitumia zote. Kila moja ina mahali pake, na kila moja huharibika kwa namna yake.

## Kwanza mtu aliye majini

Watu huanza na swali la kuzuia maji yasiingie. Nakuomba uanze na siku yatakapoingia, kwa sababu kwenye kizimba kuna kijana anayezama kukagua nyavu, kwenye mtumbwi kuna mvuvi aliyelowa mpaka kiunoni, na hao ndio watakaokuwa karibu na kifaa chako siku hiyo.

Ngozi kavu humkinga mtu kiasi fulani. Ikilowa, kinga hiyo inaondoka. Mkondo wa milliampea 10 hivi unatosha kukaza misuli ya mkono usiweze kuachia ulichoshika. Anayeogelea akikazwa misuli anazama, hata kama moyo wake haujaguswa. RCD, yaani swichi za kulinda watu, hukata umeme unaovuja ukifika milliampea 30, na hukata haraka, lakini unaona mwenyewe kwamba muogeleaji anaweza kushindwa kujiokoa kabla haujafika huko.

Jambo ambalo wengi hulidhania kinyume ni kwamba ziwani hatari hii ni kubwa kuliko baharini. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko mwili wa mtu, kwa hiyo mkondo mwingi humzunguka. Maji baridi kama ya Ziwa Victoria hupitisha umeme kwa shida, hivyo mwili unakuwa ndiyo njia rahisi.

Kanuni za kimataifa za mabwawa ya kuogelea zinaweka kikomo cha volti 12 za AC au volti 30 za DC kwa kifaa kilichomo ndani ya maji, na chanzo cha umeme huo kiwe mbali na maji. Mimi nimejiwekea kanuni kali zaidi: betri tu, volti 12 au pungufu, na fyuzi iliyo karibu kabisa na betri. Sipitishi volti 230 kutoka kwenye inveta, kile kigeuzi cha umeme wa betri, kwenda majini, hata mteja akisema jirani yake anafanya hivyo kila usiku. Na kwenye mtumbwi RCD isikupe moyo: inveta nyingi ndogo hazina nyutro iliyoungwa na ethi, hivyo umeme unaweza kumpitia mtu na RCD isione kitu.

Haya hayabadiliki uchague njia yoyote kati ya hizi tatu.

## Ninavyozipima

Napima kila njia kwa mambo manne: nini hutokea maji yakiingia, inastahimili kina gani na inatoaje joto, inafunguka na kutengenezeka au la, na vifaa vyake vinapatikana wapi. Kisha natazama inamfaa nani.

Kuhusu kina, kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Chukua boksi lenye kifuniko cha sentimita 15 kwa 10, lishushe mita 5 tu, na kifuniko hicho kinabeba kilo 75. Ni kama mtu mzima amesimama juu yake usiku na mchana.

Na kuhusu ile chapa ya IP, IP67 maana yake kifaa kilijaribiwa kwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30, katika maji yasiyo na chumvi. IP68 ni zaidi ya hapo, lakini kina na muda anautaja mtengenezaji, kwa hiyo tafuta maandishi yake madogo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuahidi miezi sita chini ya maji ya chumvi.

## Boksi lenye oringi

Lilivyo. Hewa ndani, maji nje, na kati yao pete ya mpira, oringi, iliyobanwa kwenye mfereji wake. Oringi inataka kubanwa kiasi, kama robo ya unene wake. Ukikaza skrubu kwa nguvu zote kwenye kifuniko cha plastiki, kifuniko kinajipinda kati ya skrubu na skrubu, na hapo ndipo maji yanapopita. Unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya oringi inatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Bomba la mviringo hustahimili mgandamizo kuliko boksi bapa la ukubwa ule ule, kwa sababu nguvu ya maji inagawanyika pande zote.

Kosa langu la siku ile ya kwanza halikuwa skrubu. Nililifunga boksi saa saba mchana, ufukweni, likiwa limekaa juani. Hewa ya ndani ilikuwa ya moto, tuseme nyuzi 45. Lilipotumbukia kwenye maji ya nyuzi 25, hewa ile ikasinyaa, na mvutano uliotokea ulikuwa kama kuongeza zaidi ya nusu mita ya kina kwa mara moja, kabla oringi haijatulia. Boksi likanywa. Zaidi ya hayo, unyevu uliofungiwa pamoja na hewa ya ziwani uligeuka matone juu ya bodi. Siku hizi nafunga asubuhi, kivulini, na ndani naweka kifuko cha silika jeli kinachonyonya unyevu.

Maji yakiingia. Hapa pana hatari ambayo mafundi wengi hawaijui. Maji yakigusa ncha mbili za betri, umeme huyachambua kuwa haidrojeni na oksijeni, na mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche ndogo. Betri ya lithiamu iliyolowa au kupigwa shoti nayo hutoa gesi. Ndani ya boksi lililofungwa vizuri gesi hizo hazina pa kwenda. Boksi lililovuja linaweza kumrushia kifuniko usoni anayelifungua, kwa hiyo weka valvu ya kutoa mgandamizo, na ukishuku kitu, legeza skrubu taratibu huku kifuniko kikielekea upande ambao hakuna mtu. Weka pia waya mbili zilizo wazi kwenye sehemu ya chini kabisa ya boksi. Maji yakiziunganisha, saketi ikate betri yenyewe.

Kina na joto. Boksi la plastiki la dukani ni la mita chache. Bomba nene la alumini lenye vifuniko vilivyochongwa kwenye mashine hufika makumi ya mita na zaidi. Hewa ni kizuizi cha joto, kwa hiyo taa ya LED iliyoning'inia katikati ya boksi itaungua ingawa imezungukwa na maji ya baridi. Igandamize kwenye ukuta wa chuma.

Matengenezo na upatikanaji. Hii ndiyo fahari ya boksi: unabadilisha betri, unatoa kadi ya kumbukumbu, unarudisha. Lakini kila ukifungua unajipa nafasi mpya ya kukosea. Punguza sababu za kufungua. Swichi iwe ya sumaku, iliyo ndani, unaiwasha kwa kupitisha sumaku nje, usitoboe tundu. Oringi ipake grisi inayoendana nayo. Grisi ya silikoni kwenye oringi ya silikoni huivimbisha. Oringi za naitrili zinapatikana kwenye maduka ya vipuri vya magari na mashine.

Inamfaa anayekusanya takwimu na kuzichukua mara kwa mara, anayebadilisha betri, na anayejifunza bado.

## Kumiminia resini

Ilivyo. Bodi inawekwa kwenye chombo, resini inamiminwa mpaka inafunika kila kitu, inaganda. Hakuna hewa, hakuna mlango. Epoksi ni ngumu na hushika vizuri. Poliurethani ni laini kidogo na haivuti miguu ya vipuri joto linapobadilika. Resini ya faiba wanayotumia mafundi boti ni rahisi kupata, lakini hunywea sana ikikauka na kubana vipuri mpaka lehemu inapasuka. Nilijaribu mara mbili, sitajaribu tena.

Maji yakiingia. Hayaingii kwa kishindo. Yanapenya polepole, mara nyingi kwenye mpaka kati ya resini na ganda la waya, na kifaa kinaanza kutoa vipimo vya ajabu kabla ya kufa. Hakuna nafasi ya gesi kujikusanya, na kwa mtu aliye karibu hilo ni jema. Sharti ni moja: usifukie betri. Seli za lithiamu zina tundu la kutolea gesi pale zinapoharibika, na ukiliziba kwa resini umeifanya seli kuwa bomu dogo. Betri ikae kwenye boksi lake, au juu ya maji.

Kina na joto. Kama hakuna mapovu, kitu kilichojaa kigumu hakina cha kupondwa, na kina si tatizo kubwa. Mapovu ndiyo adui. Pasha resini joto kidogo iwe nyepesi, mimina taratibu kutoka pembeni, gonga chombo. Mimina kwa tabaka: epoksi inatoa joto inapoganda, na ukimimina nene kwa mara moja inachemka na kupasuka ikiwa na bodi yako ndani. Kwa kutoa joto resini ni bora kuliko hewa, ila haifikii chuma.

Matengenezo na upatikanaji. Hakuna matengenezo. Ukishamimina, umezika. Kabla ya kumimina mimi huacha saketi ikifanya kazi mezani wiki mbili nzima, na nikiona kasoro moja narudia hesabu kutoka mwanzo. Ikifa inatupwa yote, kwa hiyo weka kamba na alama ili irudi nchi kavu, isibaki chini ya ziwa.

Inamfaa anayetengeneza vitu vingi vinavyofanana, vidogo, visivyo na betri ndani: vihisi vya joto, taa za LED, viungio vya waya.

## Kujaza mafuta

Yalivyo. Badala ya kushindana na mgandamizo, unaukubali. Chombo kinajazwa mafuta yasiyopitisha umeme, na ukuta mmoja unakuwa laini, mfuko wa mpira au kipande cha bomba linalonyumbulika. Maji yakibana nje, mafuta yanabana ndani kwa nguvu ile ile, na oringi haisukumwi upande wowote. Roboti za baharini zinazoshuka maelfu ya mita hukinga mota na viungio vyake hivi. Mota za baadhi ya pampu za visima virefu nazo zimejazwa mafuta.

Maji yakiingia. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama chini ya chombo. Bodi ukiiweka juu na kihisi cha uvujaji chini, unapata onyo kabla ya madhara. Shida ni upande wa pili: mfuko ukichanika, mafuta yanatoka. Kwenye kizimba cha samaki au kisima cha kunywa hilo ni jambo zito kuliko kifaa chenyewe. Usitumie mafuta ya transfoma, hasa ya zamani; yanaweza kuwa na sumu ya PCB inayokaa mwilini na kwenye samaki miaka mingi. Ya kupikia nayo yanaoza na kuwa gundi. Tafuta mafuta meupe ya madini ya daraja la chakula, au ya silikoni.

Kina na joto. Kina chochote, kwa sharti kwamba hakuna kipuri chenye hewa ndani. Kapasita za elektrolaiti, kristali za kopo na relei zina nafasi tupu tumboni, na mgandamizo huziponda kama kopo la soda. Mafuta huzunguka yenyewe na kubeba joto vizuri kuliko njia zote hizi. Yakipata joto hutanuka, kwa hiyo mfuko uwe na nafasi ya kupumua, na usikiache kifaa juani.

Matengenezo na upatikanaji. Kinafunguka, ila ni kazi ya kuchafua meza na mikono. Chagua mpira wa naitrili, maana mpira wa EPDM huvimba kwenye mafuta ya madini. Mafuta meupe hupatikana kwa wauza kemikali. Ya silikoni huenda ukaagiza.

Inamfaa mwenye mota au kitu kinachozunguka, na anayeshuka kina ambacho boksi lake lingegharimu kuliko elektroniki yenyewe.

## Waya ni utambi

Hili nalitenga kwa sababu limeua vifaa vyangu vingi kuliko kina, na linahusu njia zote tatu.

Kata waya wa kawaida wa nyuzi nyingi, mita moja hivi. Tumbukiza ncha moja kwenye glasi ya maji yenye rangi, ncha nyingine izungushie karatasi ya shashi na uining'inize chini kuliko glasi. Iache usiku kucha. Mara nyingi asubuhi utakuta karatasi imelowa na kupata rangi. Maji yamepanda kati ya nyuzi za shaba kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Ganda la waya likichubuliwa mahali popote, hata mita 2 kutoka kwenye kifaa chako, maji yatasafiri ndani ya waya mpaka kwenye bodi, na glendi, kile kibanio cha waya ukutani mwa boksi, uliyoikaza kwa uangalifu haitajua lolote, kwa sababu glendi inabana ganda la nje tu. Kwenye kifaa cha mafuta inakuwa kinyume: mafuta ndiyo yanayosafiri na kudondokea kwenye mtumbwi.

Dawa yake: kabla waya haujaingia kwenye kifaa, menya kila uzi wa rangi sentimita 2, jaza lehemu kati ya nyuzi za shaba mpaka isibaki nafasi, sugua ganda la nje kwa msasa, kisha fukia sehemu yote hiyo kwa epoksi. Hapo utambi umekatwa. Ganda la PVC linashika epoksi. La polithini halishiki, lichunguze kabla ya kununua.

## Kwa hali yako

Una kipimo cha joto au oksijeni kwenye vizimba, mita 5, na unakitoa kila wiki kuchukua takwimu: bomba lenye oringi, betri ndani, swichi ya sumaku. Kihisi kinachogusa maji chenyewe kimiminie resini. Njia mbili kwenye kifaa kimoja si dhambi. Vifaa vyangu vinavyodumu karibu vyote viko hivyo.

Unatengeneza taa za dagaa: LED na saketi yake ndani ya resini, zimegandamizwa kwenye bamba la alumini linalogusa maji. Betri ya volti 12 ibaki juu mtumbwini na fyuzi yake. Wavuvi hupumzika usiku wa mbalamwezi. Tumia siku hizo kukagua waya zilizochubuliwa na ukingo wa mtumbwi.

Kifaa chako kinakwenda baharini, Tanga au Unguja, kwa miezi: resini kwa bodi, boksi tofauti kwa betri, na skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja 316. Alumini ikigusana na chuma hicho ndani ya maji ya chumvi inaliwa haraka, kwa hiyo ziwekee plastiki katikati. Kitoe na kukisugua kabla viumbe vinavyoganda havijafunika kihisi.

Unataka kushuka mamia ya mita, kwa mfano Tanganyika, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470, na una mota: mafuta, na ujaribu kila kipuri chini ya mgandamizo kabla ya safari.

Ni kisima cha maji ya kunywa: acha mafuta. Chagua resini iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa, na uiache ikomae siku zote zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kuizamisha.

Ni mara yako ya kwanza: nunua boksi lenye kifuniko kinachoonyesha ndani. Lifunge tupu, ndani weka jiwe na karatasi ya shashi, lishushe kwenye kina utakachotumia na uliache saa 24. Lipandishe, lifute, na kabla ya kulifungua litazame dhidi ya mwanga. Karatasi ikiwa na doa hata dogo kama punje ya mtama, bodi isiingie humo bado.

Na kama pale kifaa kitakapokaa ni ufukwe ambao watoto huoga, hamishia betri nchi kavu, shusha volti mpaka 5 ikiwezekana, na waya upite mahali ambapo mtoto hawezi kuukanyaga wala kuuvuta.